Mikeka Nyuma ya Hoteli ya Sabdio

Hapana, si joto ilitoa hiyo mikeka nje. Joto ya Isiolo tumezaliwa nayo, nani ataikimbia leo? Hiyo mikeka unaona nyuma ya hoteli ya Sabdio ililetwa na korona. Kaa vizuri basi, nikianzia katikati utapotea, na mimi pia nitapotea.

Kwanza ujue Sabdio alikuwa amefunga. Hoteli zote zilikatazwa kukalisha watu. Ukitaka chakula, unabeba unaenda. Sasa mtu ametoka Garbatulla na mbuzi zake, amekula vumbi ya barabara, utampa wali kwa karatasi aende kulia wapi? Juu ya mbuzi? Meza za Sabdio zilikaa tu. Mwenye nyumba alikuwa mpole, lakini hata mpole anachoka. Alimwambia, hoteli zikifunguliwa na bado watu hawaji, amrudishie funguo.

Halafu serikali ikalegeza. Redio ikasema watu wanaweza kukaa tena hotelini, lakini wakae mbalimbali, wanawe mikono, wavae maski mpaka chakula ifike, na kila mtu ale kwa sahani yake. Sabdio alifurahi sana. Akapaka ukuta rangi. Akaweka ndoo ya mfereji na sabuni mlangoni. Akasugua sufuria mpaka Wario, mpishi wake, akamuuliza kama kuna bwana harusi anakuja.

Siku ya soko ya mifugo, wa kwanza kuingia alikuwa mzee Abdub, dalali wa ngamia. Huyu mzee alikula hapo tangu hoteli ianze, na baba ya Sabdio alipofariki, yeye ndiye alimshika kama binti yake. Alikuja na wazee wenzake. Wakanawa, wakakaa. Sabdio akawekea kila mtu sahani yake.

Abdub akaangalia ile sahani. Akaangalia ya jirani.

"Sinia iko wapi?"

"Mzee, siku hizi kila mtu na yake."

"Mimi ni mgonjwa?"

"Hapana, mzee."

"Nimekosana na hawa?"

"Hapana."

"Sasa mbona unanilisha kama mtu ametengwa?"

Hakupaza sauti. Sabdio angeona afadhali apaze. Mzee alichukua fimbo yake, akashukuru kwa maji ya kunawa, akatoka. Wenzake wakamfuata. Kabla ya adhuhuri soko yote ilikuwa imesikia kwamba kwa Sabdio unapewa sahani ya mgonjwa. Siku hiyo Sabdio na Wario walikula pilau mpaka wakachoka, na sufuria bado imejaa.

Sabdio akafikiria zile funguo. Soko iliyofuata akamtuma Wario kwa Abdub amwambie sinia imerudi, iko chumba ya ndani. Hiyo chumba ina madirisha mbili. Akafunga zote. Alisema ni upepo, na kweli upepo ulikuwa unarusha vumbi, lakini pia hakutaka watu wa barabara waone. Akashusha pazia ya mlango. Akawasha jiko ndogo ya ubani kwa kona, chumba inukie vizuri, mzee amsamehe.

Wazee wakaja. Wakakaa kwa mikeka bega kwa bega, vichwa vimeinamia sinia moja. Abdub alikuwa anacheka. Hakuna mtu alikuwa ameshika tonge bado, na sauti ikasikika kwa pazia: salaam aleikum.

Alikuwa Gaceri, mhudumu wa afya wa mtaa. Gaceri ni Mmeru, lakini amekulia kwa majirani Waislamu, salamu zao anazijua. Wazee wote wanamjua, yeye ndiye humfuatia mke wa Abdub dawa ya presha. Sabdio akaona sasa kwisha, atashtakiwa, funguo zimeenda.

Gaceri hakumgombeza. Alisimama mlangoni na maski yake.

"Nani hapa anasikia harufu ya ubani?"

Wazee wakaangaliana. Wote walikuwa wanasikia.

"Jiko iko kona ile. Mzee Abdub, wewe uko kona hii. Nani amekuletea?"

"Imekuja yenyewe," Abdub akasema. "Chumba imefungwa, itaenda wapi?"

"Basi korona inatembea hivyo. Mtu anaweza kuwa nayo na hajisikii mgonjwa. Akiongea, akicheka, akipumua, inatoka kwa mdomo na pua, inabaki kwa hewa ya chumba. Mwenzake anaivuta. Tena haina harufu. Ingekuwa na harufu, mimi ningekuwa nyumbani nimelala."

Akaomba ruhusa, akafungua madirisha zote mbili. Upepo ukaingia huku ukatokea kule, pazia ikaruka, na ubani ikaenda. Vumbi nayo ikaingia, Wario akakimbia kufunika wali. Gaceri akawaeleza kwamba watu wanaolala nyumba moja wakila sinia moja, hiyo ni yao. Lakini hawa wametoka Kulamawe, Garbatulla, mjini, na kila mmoja atarudi kwa wazee na watoto. Kwa sinia nyuso zinakaribiana. Kwa hivyo wakae mahali upepo unapita, wapeane nafasi, na mwenye homa au kikohozi abaki nyumbani, Sabdio atamtumia chakula. Na chanjo wachukue, kwa sababu inamkinga mtu asizidiwe.

Abdub alisikiliza yote.

"Hewa nimeelewa, ubani imenifundisha. Lakini hiyo sahani ya peke yako, mama, hiyo hainiingii."

Gaceri akamgeukia Sabdio.

Sabdio ndiye alikumbuka. Kwao Kulamawe, baba yake akichinja mbuzi, hapakuwa na sinia ya nyama. Mzee mmoja alishika kisu, akakata, akampa kila mtu fungu lake kwa mkono. Na hakuna mtu alisema ametengwa. Akaenda jikoni, akarudi na mguu mzima wa mbuzi. Akauweka mbele ya Abdub, akamgeuzia mpini wa kisu.

"Gawa, abo," akamwita vile kwao wanaita baba. "Nyumbani mzee aliweka kwa mkono wa mtu. Wewe weka kwa sahani."

Mzee akapokea kile kisu. Halafu akasimama.

"Twende nje. Nyama haigawanywi mahali pa kujificha."

Wakabeba mikeka mpaka nyuma, pale ukuta wa jikoni unazuia vumbi lakini hewa inapita. Mtu na mtu, fimbo moja katikati. Abdub akanawa tena kwa sabuni, akavaa maski akilalamika kwamba amefungwa mdomo kama ndama wa ngamia asinyonye, akaanza kukata. Kila sahani aliita mwenyewe kwa jina. Watu wa soko wakaona, wakaanza kuuliza kama iko mkeka ingine. Mwenye nyumba naye akatokea na mikono imelowa, ameshanawa. Ya funguo hakutaja. Aliuliza tu akae wapi.

Nyama ilikuwa imeisha kukatwa, lakini Abdub hakuwaruhusu kuanza. Alikuwa bado na sahani moja mkononi, ameiwekea mfupa wenye nyama nzuri.

"Hiyo ya nani?" Sabdio akauliza akipita na birika.

"Ya mwenye hoteli. Weka chai chini, binti yangu. Na wewe Wario, toka kwa moshi."

Sabdio akavua aproni, akakaa, fimbo moja kutoka kwa Gaceri. Wario akakaa. Abdub akashusha maski, akasema bismillahi, wakala.