Dulanjali na Nyuzi za Baraka

Kila asubuhi kabla ya kwenda shule, Dulanjali alichuma maua meupe uani, akayaosha na kuyapanga mbele ya sanamu ndogo ya Buddha sebuleni. Nyuma ya nyumba, bibi yake alikuwa ameketi juu ya mbuzi akikuna nazi na kulalamika peke yake kuhusu bei ya mchele. Zamani babu ndiye aliyekuwa akimjibu. Sasa babu alikuwa amefariki, na Ijumaa jioni mtawa mzee wa hekaluni angekuja nyumbani kuhubiri, kwa kutimia miezi mitatu tangu msiba.

Katika mji wao mtawa haanzi kuhubiri mpaka mtu wa nyumba ile apige magoti mbele yake, ameshika fungu la majani ya tambuu, na kusoma beti za kumwalika. Babu alimfundisha Dulanjali beti hizo kabla hajajua hata kusoma. Lakini mwaka uliopita, siku ya mwezi mpevu, alikwama kwenye ubeti wa pili mbele ya hekalu zima. Majani yalimponyoka, naye akatimua mbio kujificha nyuma ya kisima. Tangu siku hiyo, kila alipozikumbuka beti zile alitamani kukimbia tena.

"Mjukuu wangu," bibi alimwambia, "babu yako alitaka uwe wewe. Kama huwezi, Pasindu atasoma. Ila niambie mapema, nisije nikaaibika mbele ya wageni."

Pasindu alikuwa mtoto wa shangazi yake, na hakuna asichojua kukisoma. Dulanjali hakutaka kabisa nafasi yake iende kwa Pasindu. Basi akaanza kupita hekalu hadi hekalu akiomba kufungwa nyuzi nyeupe zilizosomewa sala, zile ambazo watu huvaa mkononi kupata baraka. Kufikia Jumatano mkono wake ulikuwa mweupe hadi karibu na kiwiko.

"Dada, ongeza mmoja tu," Pasindu alimtania, "tukufume uwe shati."

Alhamisi alipanda hadi kwa Mama Mtawa Sumedha, aliyewafundisha dini kila Jumapili. Alimkuta amepaka mafuta mikononi, anamenya fenesi.

"Mama Mtawa, naomba unifungie uzi."

"Nikufungie wapi? Mkono umeshajaa huo. Unaumwa?"

"Naogopa kusoma kesho."

"Na hizi zote zimekusaidia?"

"Bado. Labda sijaupata ule wenye nguvu."

Mama Mtawa alicheka mpaka kisu kikamponyoka. "Mwanangu, uzi unakukumbusha mafundisho, basi. Hofu inatoka akilini, na Buddha alitufundisha kuitazama akili. Haya, shika majani haya ya fenesi. Piga magoti unialike."

Dulanjali alipopiga magoti tu, mikono ikaanza kutetemeka.

"Imekuja?"

"Imekuja."

"Usiifukuze. Iko wapi?"

"Tumboni. Imejikunja."

"Jiambie kimoyomoyo: hii ni hofu. Vuta pumzi taratibu, uitazame. Inafanya nini?"

Dulanjali alifumba macho. "Imepanda kifuani. Sasa imepungua. Aa, imerudi kidogo."

"Umeona? Inakuja, inabadilika, inapita. Kama wewe ndiye hofu, nani huyo anayeitazama?"

Dulanjali alifumbua macho. "Lakini nikisahau tena mbele ya watu?"

"Hayo ni ya kesho, na kesho haijafika. Akili inapenda kukimbilia huko, irudi na habari za uongo. Irudishe kwenye pumzi kwa upole, kama unavyomrudisha mtoto anayetambaa kuelekea jikoni. Watu husema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Wewe mgeni wako huyu, hofu, umemlisha mwaka mzima kwa kumkimbia."

Wakarudia, na kurudia tena, mpaka fenesi likaisha kumenywa.

Ijumaa jioni nyumba ilijaa watu waliovaa nguo nyeupe, wameketi mikekani. Bibi alimpa Dulanjali fungu la tambuu. "Ukikwama nipe mimi," Pasindu alinong'ona.

Ubeti wa kwanza ulitoka vizuri. Alipofika wa pili, palepale pa mwaka jana, maneno yakapotea. Mtu mmoja akakohoa. Miguu ya Dulanjali ilitaka mlango.

Hii ni hofu, akajiambia. Aliihisi kooni, ya moto. Akavuta pumzi, akaitoa, akavuta nyingine. Watu wakangoja. Hofu ikapanda, ikasimama, kisha ikaanza kushuka, na mstari aliofundishwa na babu ukamjia wenyewe. Akausoma, na unaofuata, mpaka mwisho, kwa sauti iliyosikika hadi jikoni. "Sadhu, sadhu, sadhu," watu waliitikia, neno lao la kusema 'vyema'. Mtawa mzee akapokea majani na kuanza kuhubiri.

Baada ya mahubiri, bibi alimkumbatia huku machozi yakimtoka. "Nilidhani umekwama."

"Nilikwama, Bibi. Niliogopa sana, lakini sikukimbia."

Mama Mtawa, aliyekuja na wageni, alikuwa karibu, akisikiliza. "Mtu asiyeitazama akili yake hutishwa nayo kila siku," alisema. "Ukiitazama kwa utulivu, kila kinachoingia utakiona kikitoka. Leo hukuambiwa na mtu, umekiona mwenyewe. Hofu itarudi, na itakukuta unaifahamu."

"Haya," bibi alisema akifuta macho, "mwaka wa babu ukitimia tutamwalika tena mheshimiwa mtawa. Nani atasoma?"

Dulanjali alihisi tumbo likijikunja. Akaligusa kwa kiganja, akacheka.

"Imeshafika," alisema. "Nitasoma mimi, Bibi."