Kelele Ndani ya Kiwango

Lilianza kama jambo dogo: mtambo ulizunguka na upepo haukuwapo.

Millicent aliuona akiwa kwenye kibanda cha ulinzi, saa sita mchana, Agosti 2014, pembeni mwa Al Wakrah, Qatar, saa ambazo sheria ya kiangazi inamkataza mtu kufanya kazi juani na hata paka hujificha chini ya magari. Bendera ya langoni ilining'inia kama nguo iliyosahauliwa kambani. Juu yake mapanga matatu ya mtambo wa upepo, mali ya manispaa, yalikwenda polepole, vuu, vuu, vuu. Kibandani ikaingia harufu ya udi uliozimwa kwa maji.

Kisha akaitwa. "Nasimiyu."

Alikwisha kunyanyuka, mdomo wazi, alipomkumbuka bibi yake wa Bungoma, aliyekuwa akimfinya sikio kila alipoitikia sauti ya mtu asiyemwona. Akaketi. Jambo la pili likamjia baadaye, nalo ndilo lililomtia baridi: Doha karibu hakuna aliyemjua kwa jina hilo la nyumbani. Pasipoti ilisema Millicent. Beji ilisema Millicent. Msimamizi wake, Benard, alimwita Milly kana kwamba walisoma wote.

Aliyelijua ni Warda peke yake. Warda wa Tanga, waliyelala naye chumba kimoja Abu Hamour, aliyemkanda kwa kitambaa cha maji usiku tatu alipougua homa. Usiku wa tatu Millicent, akiamini anakufa, alimtajia jina la nyumbani ili angalau mmoja ajue wa kumlilia. Warda huyo huyo ndiye aliyekuwa mlinzi hapa kabla yake, naye alipopata kazi hotelini West Bay akamtafutia yeye nafasi. "Kazi ya kukaa tu, shoga," alisema. "Kiyoyozi na kitabu cha zamu."

Mtambo wenyewe ulikuwa na ugomvi wake wa hadharani. Manispaa iliujenga kwa fedha za umma ili uwashe taa za bustani; watu wa majumba ya jirani wakalalamika kelele; wajumbe wakagawanyika, hawa wakisema ubomolewe, hawa wakisema ziongezwe fedha za kuunyamazisha. Millicent alitakiwa kupokea fomu za malalamiko. Fomu ilikuwa na visanduku vitatu: kelele kubwa, za wastani, ndogo.

"Madam anasema uweke hapo kubwa," alisema Jerusha, akipitisha fomu juu ya ukuta. Jerusha alikuwa mfanyakazi wa ndani katika nyumba ya pili, Mkenya mwenzake. "Hiyo ni ya tano."

"Kelele za aina gani?"

Jerusha akatazama nyuma, akashusha sauti. "Inamwita. Jina lake la utotoni. Kwa sauti ya wifi yake."

"Na mbona ameandika kelele?"

"Wewe nawe! Umeona kisanduku cha wifi hapo?" Akacheka, kisha akakumbuka shida yake. "Na usinisahau, Milly. Nitaje kwa bosi wenu. Vyumba kumi na moja, kila siku, na huyu mama ananusa sakafu kama mbwa wa airport."

Wiki iliyofuata mhandisi wa manispaa alikuja na mita yake ya sauti. Mapanga yalikuwa yakizunguka, hewa imesimama. Millicent akasikia jina lake mara mbili, karibu kuliko jana. Mita ikasoma desibeli arobaini na moja.

"Ndani ya kiwango," mhandisi akasema, akiandika.

"Inaita watu kwa majina, bwana."

Mhandisi alicheka, kicheko cha mtu anayetazamwa. Kisha akafunga mlango wa kibanda, akauegemea. "Kwako ni sauti ya nani?" akanong'ona.

"Sijui."

"Unajua. Kwangu ni ya mwenzangu aliyenitangulia kazini. Yeye yuko Kanada sasa." Akatia sahihi, akaondoka. Barua yake yote haikuwa na neno zaidi ya kelele.

Na kweli alijua. Ile sauti ililivuta jina mwishoni kwa lafudhi ya Tanga, Nasimiyuu, kama mtu anayemwita shoga yake dirishani. Millicent akakifungua kitabu cha zamu nyuma kabisa, kwenye kurasa za Aprili zilizobanwa pamoja kwa pini za stepla, ambazo siku zote alidhani zimeharibika. Akazing'oa pini kwa kucha. Mwandiko wa Warda, safi, wa Kiswahili, maana wasimamizi wa pale hawakupitia kurasa za nyuma.

*Saa 6:10. Limeniita. Sikuitika.*

*Saa 6:05. Limeniita. Harufu ya udi. Yule Mnepali aliyenitangulia aliitika, wakamkuta amekaa juani chini ya mnara, anasema ndiyo, ndiyo. Wamemrudisha kwao.*

*Saa 6:00. Lasema nimtaje mwingine, litaniacha.*

Kisha, baada ya siku tisa zenye sentensi hiyo hiyo: *Nasimiyu.* Na chini yake: *Mapanga yamesimama. Linasikiliza.*

Alimkuta Warda mlango wa nyuma wa hoteli, amevaa kizibao cha zambarau.

"Ulinikanda kwa mikono hiyo," Millicent alisema.

Warda hakukana. Millicent angependa akane. "Lilishaingia chumbani mwetu. Nilikuwa nimechoka, shoga. Nilikaa sina usingizi mwezi mzima."

"Ungetaja adui yako."

"Nina adui gani mimi Doha? Na lilitaka jina la kweli, lile la nyumbani. Nililokuwa nalo ni lako tu." Akafuta jicho kwa kiganja, taratibu, asiharibu wanja. "Mwite Ustadhi Twaha. Ni dereva, Mpemba, anajua kusomea majini."

Ustadhi Twaha alikuja Ijumaa na chetezo, chupa ya maji ya waridi na gari la mwajiri wake. Alisoma hadi shati likamganda mgongoni. Mapanga yakaanza kutetemeka, mnara ukatoa mlio mwembamba kama wa birika.

"Haya, mwanangu, limelegea. Sasa mwenye mali aliambie litoke kwenye mali yake. Nani mwenye mali?"

"Manispaa."

"Manispaa si mtu. Nani?"

"Ni fedha za umma, Ustadhi. Ni mali ya wote."

"Basi aje hata mmoja!"

Millicent akampigia mhandisi. "Jumapili wajumbe wanapiga kura," mhandisi alisema. "Niende kusema kuna jini? Andika kelele." Akakata simu. Ustadhi akazima makaa yake. Kitu cha wote, alisema, yeye hakuwahi kumwona mtu akikitetea, na jini nalo lilionekana kulijua hilo.

Jumapili kura zikapita, fedha zikaongezwa, mtambo ukabaki.

Kuanzia hapo halikungoja tena saa sita. Lilimwita kwenye kiyoyozi, kwenye redio ya mkononi katikati ya maneno ya Benard, kwenye bomba la bafu kule Abu Hamour, na kila mahali kwa sauti ile ile iliyowahi kumwambia kunywa uji, shoga, kunywa kidogo tu, na harufu ya udi ikakaa kwenye mto wake, kwenye mchele, kwenye maji ya kunywa, na alipoziba masikio kwa viganja akakuta kwamba sauti imo ndani ya viganja, ikimbembeleza bila hasira yoyote: nitajie mwingine, Nasimiyu, nitajie mwingine, mmoja tu, nikuache ulale. Siku moja alijikuta nje juani, bila kofia, ameshika ukuta wa mnara unaounguza, neno "ndiyo" limefika kwenye meno.

Jioni hiyo Benard alipiga simu. "Milly, nimekupatia hoteli. Lakini hiyo post haiwezi kaa bila mtu. Si uko na mtu wako? Nipe jina."

Aliiweka simu chini. Alimlaani Warda kwa kila tusi alilolijua, kwa lugha tatu, mpaka yalipokwisha.

Kesho yake saa sita alisimama ukutani. Jerusha alikuwa anaanika mashuka.

"Nimekutaja kwa bosi," Millicent alisema. "Ni kazi ya kukaa tu."

"Wacha! Milly! Mungu akubariki, aki." Jerusha alirusha mikono yote miwili juu ya ukuta, akamkumbatia shingoni. Alinukia sabuni.

"Jerusha ni la kanisani, sivyo?" Millicent aliuliza, taratibu, karibu na sikio lake. "Nyumbani walikuita nani?"

Jerusha akacheka kwa haya, akamwambia.

Nyuma yao mapanga yakasimama.