Sauti katika Chumba cha Masanduku

Kila Jumamosi baada ya uji, wasichana wa darasa la saba walifua sare zao kwenye mabomba nyuma ya bweni. Jumapili saa kumi ilikuwa ukaguzi, na sweta mbichi ilikuwa kosa sawa na sweta chafu. Miezi mingine hilo halikuwa tatizo. Lakini Julai, katika vilima vya Kaaga palipo na shule yao, manyunyu huanza asubuhi na jua hutokea dakika chache tu, basi.

Ntinyari ndiye aliyepata njia. Zamu yake ilikuwa kuchukua chai jikoni, na mpishi hakujali makaa. Aliyajaza yakiwa mekundu katika debe bovu, akaliingiza katika chumba cha masanduku, nguo zikatundikwa juu yake. Makaa yaliyoshika vizuri hayatoi moshi. Dirisha lilizibwa kwa gunia na chini ya mlango kukawekwa blanketi, ili mwalimu wa zamu asinuse kitu. Wasichana walipokezana kuingia kugeuza nguo.

Jumapili ya kwanza, msichana mmoja alitoka humo akitapika. Ya pili, Makandi, rafiki wa Ntinyari, alitoka ameshika ukuta.

"Kuna mama ananiita huko ndani," alisema. "Ananiita kwa jina la nyumbani."

Zamani chumba hicho kilikuwa cha wagonjwa, na ilisemekana msichana alifia humo. Tangu siku hiyo waliingia mbio na kutoka mbio, lakini debe halikuacha kuwekwa. Waliogopa mzimu, na ukaguzi wakauogopa zaidi.

Jumapili ya tatu, saa nane, Makandi aliingia kuchukua sweta yake, hakutoka.

Ntinyari alimkuta chali kati ya masanduku. Kichwa chake mwenyewe kilianza kugonga, na alisikia, au alidhani anasikia, mtu akipumua nyuma yake. Lakini hakuita mtu. Kwanza alitoa gunia, akapitisha debe dirishani, akaenda kuyamwaga makaa nyuma ya choo. Ndipo akapiga kelele.

Metroni Cicily, mlezi wa bweni, alifika akikimbia na kanga begani.

"Mlikuwa na moto humu?"

"Hapana, Metroni," alijibu Ntinyari, wa kwanza kabisa.

Makandi alipelekwa hospitalini kwa pikapu ya shule. Bwenini, maneno yakamgeukia Ciakuthii, msichana mgeni aliyehamia muhula huo kutoka Mbeere; walinong'ona kwamba ameleta uchawi.

"Wewe, umetuletea nini kutoka Mbeere?" aliuliza Wambeti, kiongozi wa bweni.

"Nimeleta pojo. Mlikula zikaisha."

"Na mizizi iliyo kwenye sanduku lako?"

"Ni dawa ya tumbo. Cucu, nyanya yangu, alinipa."

Hakuna aliyecheka. Walisema hawatalala chumba kimoja naye. Mwalimu Mkuu, kwa kutaka shule itulie, akaamua Ciakuthii alale kwa Metroni na kesho yake arudishwe kwao.

Saa kumi na moja Ciakuthii alikuwa akikunja blanketi lake. Alilikunja, likafunguka, akalikunja tena. Metroni aliingia kuchukua nguo za Makandi.

"Anaendeleaje?" aliuliza Ntinyari.

"Hajaamka vizuri. Daktari anadhani ni malaria imepanda kichwani. Ameniuliza mara mbili kama kulikuwa na moto. Nikamwambia nyinyi mmesema hapana."

Ntinyari alimtazama Ciakuthii, kisha nguo za kulalia za rafiki yake.

"Metroni, moto ulikuwako. Makaa, ndani ya debe. Ni mimi nililiweka, na ni mimi nililitoa."

Metroni aliangusha nguo kitandani akakimbilia simu ofisini kumwambia daktari.

Jioni hiyo Makandi aliwekewa oksijeni ya mtungi. Siku ya tatu akaamka akiomba chai.

Ciakuthii hakurudishwa kwao tena, na Ntinyari alikwenda kumwomba msamaha.

"Usiniambie hapa pembeni," Ciakuthii alisema. "Walinisema mbele ya watu."

Basi Ntinyari akamwomba msamaha kwenye paredi, mbele ya shule nzima, sauti ikimkatika. Adhabu yake ilikuwa kurudi nyumbani wiki mbili. Kabla hajaondoka, Metroni alimketisha kwenye ngazi za bweni.

"Makaa yasiyotoa moshi hutoa hewa ya sumu usiyoiona wala kuinusa. Chumba kikizibwa, hiyo hewa huumiza kichwa, hukufanya usikie sauti, halafu hukulaza usiamke. Hilo hukulijua, na sisi tulikosea kuwadai nguo kavu wakati hakuna jua. Kuanzia sasa zitaanikwa jikoni, mlango wazi. Lakini ulijua kwamba unaficha, Ntinyari. Mtu akianguka, sema kwanza kilichokuwa pale. Aibu inaweza kungoja. Mgonjwa hawezi."

"Ndiyo, Metroni."

"Haya, nenda. Ukifika, wewe mwenyewe mwambie mama yako, kabla hajasoma barua ya shule."