Kinywa cha Kuazima

Ofisi ya leseni za udereva ilikuwa imejaa pomoni. Watoto walilia, namba ziliitwa kwenye kipaza sauti kibovu, na kiyoyozi kilivuma tu bila kuleta baridi. Ndipo msichana mmoja aliposimama katikati ya ukumbi, akashika kiuno na kupaza sauti:

"Kuna mutu hapa anasikiaka Kiswahili?"

Ukumbi mzima ukageuka. Kigen naye aligeuka, kisha akainamia viatu vyake upesi. Kiswahili alikijua tangu utotoni Eldoret, lakini siku hiyo alikuwa amevaa suti ya kazini, na hakutaka Houston nzima ijue kuwa yeye na mtu wa kupiga kelele wametoka upande mmoja wa dunia. Msichana akarudia swali. Alivaa gauni la kitenge la manjano, mikono yake ya puto, kiuno kimebana, na uso wake ulikuwa mzuri kiasi cha kumfanya mwanamume abadili mawazo. Kigen akainua kidole kama mwanafunzi.

"Niko hapa, sista. Shida ni gani?"

"Weye! Minauliza mara mbili na unaangalia viatu?"

"Si nilikuwa nasikiza namba yangu."

"Muongo. Kuja uniambie ule mama wa dirishani anataka nini."

Kigen akamtafsiria mpaka mwisho, neno kwa neno, na msichana akatoka na kibali chake cha kujifunza kuendesha. Jina lake Josiane, mtu wa Uvira, Kongo, aliyefika Marekani mwaka mmoja tu nyuma, mwaka 2008, akitokea kambi ya wakimbizi Tanzania. Aliishi mtaa wa Sharpstown na shangazi yake Annonciata. Nje, kwenye jua la kuchoma, alicheka na kusema, "Leo weye njo ulikuwa kinywa yangu."

"Na hicho kinywa kina namba ya simu," Kigen akajibu. "Ukikihitaji, piga tu."

Alipiga kesho yake. Alipiga kwa ajili ya barua ya mwenye nyumba, akapiga kwa ajili ya daktari wa shangazi, na baadaye akawa anapiga bila sababu yoyote.

"Umekula, chéri?"

"Bado, babe. Niko traffic."

"Traffic, traffic! Siku moja hiyo gari itakuoa, miye nibakie hapa."

Kigen alicheka peke yake barabarani mpaka madereva wengine wakamtazama. Alikuwa amekwisha, ndugu zangu. Mapenzi yalimkamata hasa. Jumapili moja, Josiane akiwa kwaya, alikwenda kwa Mama Annonciata na kumuuliza mtu wa Kenya akitaka kuoa kwa watu wa Uvira huanzia wapi. Mama Annonciata alimwambia. Alimwambia pia kwamba atafunga mdomo, jambo ambalo hakuna mtu wa Sharpstown angeliamini.

Wiki ileile, bosi wa Kigen alimwita ofisini. Walifanya kazi katika kampuni ya kuuza vitanda vya hospitali, na bosi, Randy, Mtexas mrefu wa buti na mkanda mpana, alikuwa amempandisha cheo kuwa msimamizi. "Mlete yule msichana wako," alisema. "Mimi na Cheryl tutawapeleka kula taco, vile vichapati vya Kimeksiko vya kukunjwa. Siyo zile za kando ya barabara. Za mjini."

Mkahawa wenyewe ulikuwa ule uliokuwa ukizungumzwa na kila mtu. Nje vijana wa shati jeusi walipokea magari ya wateja na kwenda kuyaegesha. Ndani kulikuwa na taa za shaba zilizoning'inia, ukuta wa vigae vya bluu, na mhudumu aliyekuja na kinu cha jiwe kuponda parachichi mezani mbele yenu. Taco zilikuja tatu tatu kwenye ubao, ndogo mithili ya sikio la mtoto: moja ya bata, moja ya samaki, moja ya uyoga wenye jina refu.

Josiane alikuwa amevaa kitenge kipya cha zambarau na dhahabu, kilemba juu, na hereni kubwa. Kila kichwa kiligeuka alipoingia. Kigen aliviona vile vichwa, na badala ya kujivuna akaanza kutokwa jasho. Aliwatazama wanawake wa meza za jirani, magauni yao meusi membamba, akajikuta anatamani Josiane angevaa kitu kisichosema chochote.

"Hapa batu banakula na mikono?" Josiane akamnong'oneza. "Basi ni kwetu."

Alifumba macho, akaombea chakula kwa sauti, akasema amina, akaanza kula kwa raha. Cheryl, mke wa Randy, mwanamke mchangamfu wa nywele za dhahabu, alimpenda papo hapo. Akamuuliza Kigen kwa Kiingereza, "Mwulize anafanya kazi gani, mpenzi huyu."

Kigen akauliza. Josiane akajipangusa vidole.

"Baambie niko nachagua manguo. Ile batu ba hapa banatupa, inakuja mu entrepôt, mu ghala, kwa milima. Ile mizuri tunaifunga, inaenda Afrika. Ile mibaya inakuwa vitambaa vya kupangusa mashine."

Alisema kwa fahari, maana ilikuwa kazi yake ya kwanza yenye mshahara tangu azaliwe. Kigen akamtazama Randy, akatazama buti zake zinazong'aa, akasikia ulimi wake mwenyewe unasema, "Yuko kwenye mambo ya fasheni. Nguo za kupeleka nje ya nchi."

"Fasheni!" Cheryl akapiga makofi. "Nilijua! Tazama hilo gauni!"

Josiane akainua macho kidogo. Neno hilo alilijua. Lakini alimwamini mtu wake, akaendelea kula.

Uongo ukiingia mezani huagiza na vinywaji. Cheryl akauliza walikutana wapi. Josiane akasimulia ile kelele ya ofisi ya leseni, huku akimwigiza Kigen anavyoinamia viatu, na Kigen akatafsiri kwamba walikutana kwenye maonyesho ya utamaduni. Cheryl akauliza kuhusu familia yake. Hapo Josiane akaiweka taco chini.

"Papa yangu alikufia kambini," alisema taratibu. "Homa tu. Tulikuwa tumeisha kuitwa kusafiri, na yeye alikuwa ameisha kununua koti ya baridi ya Amerika. Tulimuzika na lile koti."

Kigen alikuwa hajawahi kuisikia habari ya koti. Ilimchoma moyo. Lakini Randy alikuwa ameinua glasi, muziki ulikuwa mtamu, usiku ulikuwa wa kusherehekea cheo chake, na aliona aibu kuuleta msiba kwenye meza kama ile. Akasema kwa Kiingereza, "Anasema baba yake alikuwa mtu wa ziwani. Alipenda sana samaki."

Cheryl akatabasamu mpaka meno yote yakaonekana. "Jamani, ni raha iliyoje! Mwambie nami baba yangu ni hivyohivyo!"

Josiane aliutazama ule mdomo unaocheka, kisha akamtazama Kigen. Hakuhitaji kujua Kiingereza. Akakunja kitambaa chake cha mezani, na hakula tena.

Walipokaribia nyumbani, Josiane aliuliza garini.

"Ulibaambia nini juu ya papa?"

"Babe, wacha nikuexplain. Hawa watu hawapendi stori za..."

"Ulibaambia nini?"

Kigen akamwambia. Hata wale samaki.

"Ule mama alicheka," Josiane alisema. "Nimesema papa yangu alikufa, na mutu alicheka mbele yangu. Ni weye ulimuchekesha. Ulisikia haya juu yangu, Kigen?"

Kigen alishika usukani kwa mikono miwili na asiweze kukana. Ndiyo, alikuwa ameona haya. Haya ya kilemba, haya ya sala, haya ya mitumba, na sasa haya ya nafsi yake, ambayo ilikuwa kubwa kuliko zote.

"Minakuuliza, unanyamaza. Basi nimesikia," Josiane akasema. "Usinipigie."

Kigen alipiga hata hivyo. Simu ilipokelewa na Mama Annonciata: Josiane yuko kazini. Josiane amelala. Josiane yuko kanisani. Mara ya mwisho shangazi alishusha pumzi. "Mwanangu, nami nilishindwa kufunga siri yako, nilimwambia kama unataka kumuoa. Sasa analia mara mbili."

Kazini watu walimpongeza Kigen kwa cheo kipya, naye kila akipongezwa alitamani ardhi ipasuke. Cheryl alimpa salamu ampelekee Josiane, "yule mbunifu wetu wa mitindo." Akikumbuka lile koti, alifunika uso kwa mikono hata akiwa mwenyewe chumbani.

Jumamosi moja mchana simu yake ikalia, na ilikuwa namba ya Sharpstown.

"Ita wale batu," Josiane alisema bila salamu. "Pale pale."

"Josiane, my dear, naweza kuwaelezea mimi mwenyewe, hata kesho..."

"Apana. Weye umeisha kusema. Utakuja, utakaa, utafunga kinywa."

Wote wanne walikaa katika mkahawa uleule, meza ya karibu na dirisha. Josiane alivaa kitenge kilekile cha zambarau na dhahabu. Mhudumu alipoondoka, alivuta pumzi na kuanza kuongea Kiingereza, kile cha darasa la jioni la kanisa na cha ghalani, sentensi fupi fupi.

"Mimi si fasheni. Mimi nachagua nguo za zamani. Kazi nzuri. Baba yangu alikufa kambini. Mimi nilisema hapa. Yeye hakusema."

Alikwama mara nyingi. Kila alipokwama, Kigen alijua neno analolitafuta, na kila mara alilimeza. Cheryl aliziba mdomo kwa mkono. "Na mimi nilicheka," alisema. "Mungu wangu, nilimcheka."

Randy aliweka glasi chini na kumtazama msimamizi wake mpya. "Uliniambia alipenda samaki."

"Ndiyo, bosi."

"Nimewasimulia watu hiyo habari."

Kigen hakuwa na pa kuuweka uso wake. Josiane akamgeukia, akarudi kwenye Kiswahili.

"Yenye inabakia siiwezi na Kizungu. Baambie weye. Usipunguze kitu, usiongeze kitu." Akawatazama wageni. "Huyu mwanaume alisikia haya juu yangu."

Kigen akawageukia Randy na Cheryl. "Huyu mwanaume aliniona mimi ni aibu," akatafsiri.

"Akamuzika papa yangu mara ya pili."

Akatafsiri.

"Nililia siku mingi. Hasira ingali ndani, na itakaa."

Akatafsiri na hiyo.

"Lakini minamupenda. Na ile swali alienda kumuuliza shangazi, akiniuliza miye leo, nitakubali."

Hapo Kigen akasahau kutafsiri. Machozi yalikuwa yanamdondoka juu ya ubao wa taco, mbele ya bosi, mbele ya mhudumu, mbele ya kila mtu wa mjini.

"Amesema nini?" Cheryl akauliza. "Kigen, amesema nini?"

"Haujamaliza," Josiane akamwambia. "Tafsiri."

Akatafsiri, yote, mpaka neno la mwisho. Kisha akageuza kiti chake. "Josiane, utakubali nikuoe?"

"Uliza na Kizungu," Josiane akasema, huku akifuta macho kwa ncha ya kitenge. "Kwa sauti. Hawa batu basikie ni nani unataka."

Kigen akasimama wima, akauliza kwa sauti, na meza zote za jirani zikageuka kuwatazama.