Somo wa Bibi

Nesi alichungulia dirishani, akaita jina moja, wakainuka wanawake wawili.

Ukumbi wa hospitali ulikuwa umefurika asubuhi ile. Watoto wanalia, feni inazunguka bila faida, watu wamebanana kwenye mabenchi kama njiti za kiberiti. Wa kwanza kuinuka alikuwa bibi kizee wa mkongojo, na hakuna aliyeshangaa, maana jina lile lilikuwa la umri wake. Wa pili alikuwa msichana mwembamba, gauni la kijani kibichi, vipande vya nyuzi vimemganda begani, kidole kimefungwa kitambaa. Ukumbi mzima ukamgeukia yeye.

"We binti, kaa. Ameitwa bibi," nesi akasema.

"Na mimi ndilo jina langu," msichana akajibu taratibu.

Watu wakacheka. Aliyecheka zaidi ni kijana wa ovaroli ya bluu aliyekuwa amemshika bibi mkono.

"Samahani, dada," akasema. "Nilijua jina hilo limeisha dukani. Bibi yangu ndiye aliyechukua la mwisho."

"Basi walisahau moja chini ya kaunta."

Bibi akamgusa mjukuu wake mguuni kwa mkongojo. "Nyamaza wewe. Njoo hapa, somo yangu, ukae na mimi. Miaka yote hii sijawahi kupata somo mwenye meno."

Hapo ndipo walipoanzia. Msichana alikuwa amekuja kusafishwa kidole, kwa kuwa sindano ya cherehani ilikuwa imepita katikati ya ukucha. Kijana alikuwa fundi friji, na kwa ajili hiyo wenzake walimwita Barafu. Bibi alipotoka kwa daktari aliwakuta wale wawili wamehamia benchi la mwisho, wanazungumza kama watu waliokopeshana usingizi.

Yule msichana, mtaani walimwita Uzi. Alifanya kazi kwenye duka jembamba la vitu vya watoto wachanga, kati ya marundo ya nepi na kofia za sufu, akidarizi majina kwenye shali. Majina yalikuja na kupita kama mitindo ya viatu. Mwaka huu kila mtoto analo hili, mwaka ujao hakuna anayelitaka. La kwake halikuwahi kuagizwa hata mara moja. Alikwisha kuzoea, kama mtu anavyozoea kutoalikwa.

Simu ikaanza kulia.

"Haloo, Uzi."

"Nani mwenzangu?"

"Fundi friji. Nimesikia dukani kwenu kuna kitu kimeacha kugandisha."

"Hapa tunauza nepi, kaka. Friji hatuna."

"Basi ni moyo wangu nimeusahau hapo. Niwekee kivulini, nakuja."

Alikuja. Akaja tena. Akawa anakuja kila akitoka kazini, ovaroli imefungwa mikono kiunoni, shati jeupe ndani, mkononi soda mbili za baridi. Walikaa kwenye ngazi ya duka, magoti yakigusana, wakitazama watu wakipita.

"Hebu niambie kitu, barafu wa moyo wangu," Uzi akamwambia jioni moja. "Jina langu linamfaa mtoto wa siku hizi?"

"Mtoto aliyekosa nini?"

"Sifanyi mzaha."

"Mpenzi, mtoto akiitwa hivyo atazaliwa na miwani. Atadai mkongojo kabla hajatambaa."

Uzi alicheka, lakini kicheko kilikatika mapema. Barafu akaona. Akakishika kile kidole chenye kovu.

"Sikia. Tukipata binti, ataitwa jina lako. Nani wa kunizuia?"

"Umesema wewe."

"Nimesema mimi."

Uzi hakuwa msichana wa maneno mengi. Aliangalia, akasubiri, na alichoambiwa akakitunza. Maneno yale aliyakunja vizuri, akayaweka mahali ambapo hakuna mtu mwingine angeyagusa.

Siku ya kupelekwa kwa mama mkwe ikafika. Alivaa gauni la rangi ya zambarau alilolishona mwenyewe, akasuka nywele, akapaka mafuta kwenye visigino. Mama alimpokea mlangoni, mnene, mchangamfu, ananukia sabuni ya maua.

"Karibu, mwanangu, karibu ndani," akasema, na akamtaja kwa jina.

Halikuwa lake. Lilikuwa jina la yule dada anayesoma habari redioni, jina laini, la kisasa. Uzi akageuka kutazama kama kuna mtu nyuma yake. Hapakuwa na mtu. Barafu alikuwa anafungua kamba za viatu ambavyo havikuwa na kamba.

Mama alilitaja jina lile wakati wa kunawa, wakati wa kula na wakati wa kuwasindikiza. Alimsifu mikono, akamsifu adabu, akamwambia arudi Jumapili. Na kila alipoita, Uzi aliitika.

Walipopinda kona ya kwanza, Uzi akasimama.

"Yule uliyemleta kwenu leo ni nani?"

"Uzi, nisikilize."

"Mimi simjui. Nimemlia chakula chake tu."

"Nilitaka kukueleza kabla."

"Unanionea aibu. Siku ya kwanza ulilicheka, leo umelizika kabisa."

"Siyo aibu, wallahi." Barafu alifuta uso kwa kiganja. "Mama na bibi hawasemezani tangu niko darasa la pili. Wewe hukujiuliza kwa nini bibi anakaa kwa shangazi? Mama jina lile halitaji. Akisikia mtu kaitwa hivyo hata redioni, anazima. Ningemwambia ndilo lako, angekuchukia kabla hujavua viatu."

Hasira ya Uzi ikashuka kidogo, maana aliona kwamba mwenzake alikuwa amemficha kama mtu anavyoficha mshumaa kwenye upepo. Lakini mshumaa uliofunikwa sana nao huzimika.

"Basi sasa amenipenda," akasema kwa upole. "Mwambie ninaitwa nani."

"Nipe muda. Atanuna."

"Anune. Watu hununa, halafu huona njaa."

"Humjui mama yangu. Akinuna, nyumba nzima inaugua. Kwani wewe unapungukiwa nini ukiitika? Jina tu, mpenzi."

"Jina tu," Uzi akarudia. "Na siku ya ndoa, atakayeulizwa kama amekubali atakuwa nani, mimi au yule wa redioni?"

Barafu alitazama barabara kana kwamba jibu lingeshuka kwenye gari lolote.

Mvumilivu hula mbivu, watu husema. Hawasemi habari za ile inayoozea mtini. Uzi alisubiri. Barafu akipiga simu, akimwita mrembo, akimwita laazizi, yeye aliuliza moja tu: "Umemwambia?"

"Bado, mpenzi. Presha yake imepanda."

"Umemwambia?"

"Dada yangu anaolewa, acha sherehe ipite kwanza."

Sherehe ikapita. Ikafika siku Uzi akaacha kuuliza, na Barafu, badala ya kushtuka, akashusha pumzi. Uzi aliisikia ile pumzi kwenye simu. Hakugombana. Alimtakia usiku mwema, na simu ya pili hakuipokea, wala ya tatu. Ya nne haikuja.

Bibi alipofariki, Uzi alikwenda kuzika, akasimama nyuma pamoja na majirani. Somo yake alikuwa anashuka ardhini, na kina mama waliokuwa wanalia walilitaja jina, na kila mara yeye alisikia anaitwa. Mama yake Barafu alimwona, akaja kumshika mikono.

"Ahsante kwa kuja, mwanangu," akasema, akamtaja kwa lile la redioni.

Uzi akaitika. Aliona itakuwa mara ya mwisho.

Miaka ikaenda. Akasikia Barafu ameoa, akameza. Asubuhi moja akaingia dukani dada mjamzito, gauni la njano, kandambili kwa kuvimba miguu, uso wa mtu mwema.

"Shoga, mnadarizi jina lolote?"

"Lolote lile. Kaa kwanza, upumzike."

Yule dada akakaa, akalitaja. Mguu wa Uzi ukateleza kwenye pedali, cherehani ikakohoa, ikanyamaza.

"Ni la marehemu bibi yake mume wangu," dada akaendelea. "Labda unamjua, fundi friji, wanamwita Barafu. Kaling'ang'ania utafikiri kaliota. Mimi naogopa mwanangu atachekwa shuleni. Wewe unashona majina kutwa kucha, shoga yangu, niambie ukweli. Linamfaa mtoto wa siku hizi?"

Neno moja lingetosha. Aseme halifai, na jina lingerudi kaburini, na Barafu asingepata pa kulilaza. Neno lilikuwa limeshafika kwenye ulimi.

"Mama mkwe wako anasemaje?" akauliza.

"Loo, huyo alinuna. Alisema jina hilo halikanyagi kwake. Mume wangu akamjibu, basi na sisi hatukanyagi. Wiki ikapita, tukaona mama huyo mlangoni na kikapu cha machungwa. Sasa ndiye anayelisemesha tumbo kwa jina hilo hilo."

"Wiki moja."

"Hata haikutimia vizuri."

Uzi alichagua uzi wa kijani kibichi. Alichukua muda kuutia kwenye tundu la sindano.

"Linafaa," akasema. "Ila msilifiche. Akizaliwa, mwiteni kwa sauti, mbele ya kila mtu, hata wageni."

Akashona. Herufi zilitoka nzuri, zimelala upande mmoja kama nyasi. Dada alishika shali, akaipitisha shavuni, akafurahi.

"Na wewe unaitwa nani, nije nimwambie mwanangu nani alimshonea?"

Uzi akampa lile la redioni.

Alasiri simu ikalia. Namba alikuwa ameshaifuta, lakini tarakimu alizijua.

"Uzi." Sauti ilikuwa ile ile. "Mke wangu kaja na shali. Kaniambia na jina la fundi."

"Si ndivyo ulivyoniita?"

"Nilikuahidi, unakumbuka? Pale kwenye ngazi. Ahadi yangu nimeitimiza."

"Ulisema tukipata sisi."

"Najua. Lakini kila nitakapomwita..."

"Ukimwita, atakuja yeye, Barafu. Na akikuuliza somo yake nani, mwambie ni bibi. Usimwongezee wa pili."

"Nilimwogopa mama. Wewe unajua nilivyomwogopa."

"Alinuna wiki moja," Uzi akasema.

Upande wa pili ilisikika friji tu, ikinguruma karibu na simu, kisha ikazima.

Uzi alikata, akaweka simu kifudifudi juu ya rundo la nepi. Mbele yake walikuwa wamesimama mume na mke, vijana kabisa, wamebeba shali nyeupe.

"Karibuni," akawaambia, akavuta kiti. "Mtoto anaitwa nani?"