Sabuni ya Dirishani

Mlango wa ghala haukuvunjwa. Kufuli lilikuwa zima, dirisha lilikuwa na nondo zake zote, na bado sabuni nyingi iliyotakiwa kuwemo haikuwemo.

"Mkamate huyo," mwenye kiwanda alimwambia Inspekta, akimnyooshea kidole mtunza ghala. "Ufunguo anao yeye peke yake. Kesho nauza kiwanda kwa bei ya kutupa kwa sababu yake!"

Mtunza ghala aliuinua ufunguo. "Mama, mimi nafungia nilicholetewa. Kilichoingia ndicho kilichomo."

Inspekta hakutoa pingu. Alikuwa mbishi, na mshukiwa wa kuletewa hakuwahi kumvutia. Aliomba taarifa ya gharama na mapato. Ilikuwa imeandaliwa na mhasibu, mdogo wake mwenye kiwanda, mtanashati ambaye tangu asubuhi alikuwa akimletea dada yake maji na kumpa pole.

"Mmepata hasara?"

"Kubwa, afande. Malighafi zimepanda bei. Halafu sabuni ikikauka inapungua uzito, robo nzima inapotea. Nayo ni gharama, lazima niiandike."

"Robo?"

"Robo. Hewa haikamatwi, afande." Akacheka peke yake.

Inspekta alikuwa akitazama dirisha la ofisi. Miche ya sabuni ilipangwa hapo, imekauka kau.

"Hii ya nini?"

"Mazoea ya marehemu mama yetu," alisema mwenye kiwanda. "Kila ikipikwa sabuni mpya, alikuwa anapima mche wa kwanza, anachonga uzito wake juu, anauweka dirishani. Nami nafuata. Huyu mdogo wangu ananicheka, ati utoto."

Inspekta aliuchukua mmoja. Ulichongwa kilo moja. Akauweka kwenye mizani, wote wakainama kutazama. Gramu mia tisa. Akapima wa pili, mambo yakawa yale yale.

"Imepungua moja ya kumi tu," alisema. "Hiyo robo yako umeitoa wapi?"

Mhasibu aliisukuma mizani kando. "Mizani hiyo mbovu."

"Ndiyo mnayouzia. Nani anapima sabuni ikitoka chumba cha kukaushia?"

"Mimi."

"Kabla haijafika ghalani?"

"Ndiyo."

"Hiyo tofauti inakwenda wapi? Sema, au nikamuulize dereva wenu."

"Kuna... kuna stoo nimepanga."

Mwenye kiwanda alishika meza. Inspekta akamgeukia kwa upole. "Mama, mnunuzi wa kesho ni nani?"

"Kampuni fulani. Mwenyewe sijaonana naye. Mdogo wangu ndiye aliye..." Akamgeukia mhasibu.

"Ni mimi, dada," mhasibu alisema, macho chini. "Ukiona hasara ungeuza rahisi. Nimechoka kuitwa mdogo wake fulani. Nilitaka kiwe changu."

"Si ungeniomba!" Sauti yake ilipasuka. "Nimekubeba mgongoni. Nimekusomesha kwa sabuni hii hii. Kumbe ulikuwa unasomea kuniibia!"

Pingu zilifungwa, lakini si kwa mtunza ghala. Mwenye kiwanda alimshika mtunza ghala mkono. "Nisamehe, mwanangu." Kisha akamuuliza Inspekta, "Taarifa ikiandikwa sawasawa, itasemaje?"

"Faida, mama. Tena nzuri."

Alikaa, mche wa sabuni mapajani, machozi yakimtiririka.

"Bora ingekuwa hasara," alisema.