Fundo la Shela Nyeusi

"Ukitaka kubarikiwa, kabarikiwe na picha yangu ya harusi," Herminia alimwambia mumewe. "Ile pale ukutani. Ina uso mzima."

Mzee Teofilo alikuwa amekwisha kuinua kijiko cha wali wa kukaanga. Akakirudisha kwenye sahani taratibu, kama mtu aliyeambiwa chakula kina mfupa.

"Miniang, padri ameshatangaza kanisani."

"Padri hakuniuliza mimi."

"Mimi nimekuuliza Kwaresima nzima."

"Na mimi nimekujibu Kwaresima nzima. Masikio yako yamezeeka, Pilo, usinisingizie."

Ilikuwa Jumamosi Kuu asubuhi, katika mji mdogo ulioko kando ya ziwa la Laguna. Kesho yake, baada ya misa ya Pasaka, wawili hawa walitakiwa kusimama mbele ya altare kushukuru kwa miaka hamsini ya ndoa. Mji mzima ulijua. Majirani walikuwa wameshaanza kufunga wali wa kunata kwenye majani ya migomba. Aliyekataa ni bibi harusi peke yake.

Na jamani, msimwone mkorofi. Miniang alikuwa mrembo, tena mrembo anayejua kuwa ni mrembo. Enzi zake, kwenye maandamano ya maua ya mwezi Mei, alikuwa akivishwa taji la malkia na wasichana wengine wakibaki kushika mikia ya gauni lake. Hata uzee ulipokuja ulimjia kwa adabu. Halafu baada ya Krismasi iliyopita akapigwa na kiharusi. Mungu alimwachia akili, akamwachia na miguu, ila upande wa kushoto wa uso ulilegea, mdomo ukaenda kando, na jicho likawa linatoa machozi hata akicheka. Mkono wa kushoto nao ulibaki na nguvu za kitoto.

Tangu siku aliyotoka hospitali, hakuna aliyeuona uso ule. Alijitanda mtandio mpaka juu ya pua, akaufunga nyuma ya shingo kwa fundo la kukaza, upepo wa ziwani usije ukamuumbua. Alikula akiwa ameipa meza mgongo. Binti yao Analyn, nesi kule Riyadh, alipopiga simu ya video, Miniang aliielekeza simu darini. Maskini mtoto wa watu alikuwa akijua kila bati la nyumba yao, mamaye hamwoni.

Pilo alimtazama mkewe, mgongo tu. Vidole vyake vilikuwa na rangi nyekundu, kwa sababu alikuwa ametoka kumpaka rangi Yesu Mfufuka, sanamu ambayo yeye na wanaume wenzake hubeba mabegani kila alfajiri ya Pasaka hadi chini ya tao la uwanja wa kanisa, kukutana na sanamu ya Mama Maria inayoletwa na wanawake. Magoti yake yalishachoka siku nyingi. Vijana walimwomba apumzike, akawaambia magoti ndiyo yaliyostaafu, mabega bado yapo kazini. Alikuwa na moyo huyu mzee, tuseme ukweli.

"Basi niambie jambo moja," Miniang alisema, bado ameangalia ukutani. "Wewe unayekwenda kanisani kila siku. Mnasema tutafufuka, tutabadilishwa, tutakuwa wapya. Mimi nitafufuka na uso gani? Ule wa pichani au huu?"

Pilo alivitazama vidole vyake vyekundu.

"Sijui, mke wangu. Mimi si padri."

"Basi ukishajua ndio uje tuongee habari za jubilei."

Wakati huo huo simu ya Pilo ikalia mezani. Miniang, kwa tabia yake ya miaka yote, akageuka akaisoma kabla ya mwenyewe.

"Kaka Pilo, kesho usije ukasimama peke yako chini ya lile tao. Nitakuwepo. Puring."

Puring! Huyo ni binamu yake Miniang, mjane mnene mwenye sauti ya baragumu, anayepaka rangi ya mdomo hata Ijumaa Kuu. Ujanani aliwahi kumpelekea Pilo vitumbua vya mchele mpaka mama yake akamnyang'anya sufuria. Pilo alikula vitumbua, akamwoa Miniang. Mambo yakaisha. Au yalidhaniwa kuwa yameisha.

"Kumbe mwenzangu umeshapata wa kusimama naye," Miniang alisema.

"Usinivunjie heshima, Miniang. Umri huu?"

"Umri huu huu. Yeye mdomo wake umenyooka."

Pilo aliinuka kwa kushika meza. Hakupandisha sauti, maana si mtu wa kupandisha sauti, lakini maneno yake yalitoka mazito.

"Nilikuona mara ya kwanza chini ya lile tao. Nilikuwa nimembeba Bwana, wewe umefuata nyuma ya Mama. Shela ilipotolewa watu wote walimtazama Bikira Maria, mimi nikakutazama wewe, mpaka wenzangu wakanikanyaga. Kila Pasaka tumekutana pale. Kila Pasaka, Miniang. Kesho nitakuwa pale. Usipokuja nitajua kwamba mke wangu amenizika ningali hai."

Akachukua kofia, akatoka. Miniang alibaki anafuta jicho, na safari hii halikuwa jicho la ugonjwa.

Mchana alifanya kazi yake. Sanamu ya Mama Maria ilikuwa ya nyumba yao, imerithiwa tangu kwa bibi yake, na kumvisha ilikuwa kazi ya mabinti wa ukoo. Alimvalisha gauni jeupe la Pasaka, na juu yake akamfunika shela nyeusi ya msiba. Hapo pana ufundi. Shela hufungwa nyuma ya taji kwa utepe, na fundo lake huwa la kuvuta, ili kesho malaika, yaani mtoto wa kike aliyepandishwa juu ya tao na mabawa yake, avute mara moja tu, msiba uondoke na Mama amwone Mwanawe akiwa hai. Ikitoka vizuri watu hushangilia, wakijua mwaka utakuwa mwema. Isipotoka, hapo ndipo wazee huanza kunong'ona.

Miniang alifunga fundo huku mawazo yako kwa Puring. Vidole vikafunga vyenyewe.

Kabla ya mapambazuko wanawake walikuja kuichukua sanamu kwenye machela yake ya maua. Walimwita, akajibu kutoka juu kwamba kichwa kinamuuma. Puring ndiye aliyepanda ngazi.

"Unashuka au hushuki?"

"Nenda wewe. Si umeshaahidi kusimama naye?"

Puring akacheka kicheko kisicho na furaha.

"Dada yangu, nilisema nitakuwepo, sikusema nitasimama mahali pako. Wewe unaye mume anayekusubiri, unamfungia mlango. Mimi wangu ningemkuta chini ya tao leo, ningekwenda hata kama sina pua."

Akashuka zake.

Miniang alisogea dirishani. Nyumba yao ilitazamana na uwanja wa kanisa, kwa hiyo aliona yote. Wanawake walitokea upande wa ziwani na mishumaa yao, Mama akiwa mweusi mbele yao. Wanaume walitokea upande wa soko na Yesu Mfufuka, na kati ya wabebaji alimwona mzee mmoja akichechemea, bega limeshika nguzo, shingo inazunguka huku na huku. Alikuwa anamtafuta mtu. Mbele ya Mungu na mji mzima, Pilo alikuwa anamtafuta yeye.

Machela mbili zikakutana chini ya tao. Malaika akaimba, sauti nyembamba, kila mtu kimya. Akanyoosha mkono, akashika shela, akavuta.

Haikutoka.

Akavuta tena. Taji likainama, kichwa cha Mama kikatikisika, wanawake wakapiga ishara ya msalaba. Wapiga tarumbeta walikuwa wameshajaza mashavu pumzi, wakaishusha. Mtoto akaanza kulia juu kule. Kuna aliyesema uletwe mkasi, akazomewa papo hapo, kwa sababu kwao shela ya Mama haiguswi na chuma. Msiba huo hufunguliwa, haukatwi.

Simu ikatetemeka mkononi mwa Miniang, ujumbe wa Puring.

"Fundo halifunguki. Umelifungaje? Njoo."

Hapo ndipo alipojua. Mkono wake wenyewe ukapanda nyuma ya shingo yake, ukagusa fundo la mtandio, fundo la kukaza, lile la kila asubuhi. Lilikuwa lile lile. Alikuwa amemfunga Mama wa Mungu jinsi anavyojifunga mwenyewe, asionekane na mtu.

"Ee Mama, nisamehe," alisema, na ngazi akazishuka pasipo kushika ukuta.

Watu walimpisha. Puring alikuwa mbele akipasua njia kwa mabega na ile sauti yake, akiwaambia wasogee, mwenye Mama amefika. Machela ikateremshwa chini. Kigoda kikaletwa. Miniang alipanda, akaingiza vidole kwenye utepe. Mkono wa kulia ulijitahidi, wa kushoto ukateleza. Akajaribu tena, ukateleza tena. Fundo lile lilitaka meno, na meno yalikuwa nyuma ya mtandio.

Alisimama pale juu, uwanja mzima ukimtazama. Angeweza kushuka, akamwachia mwingine ahangaike. Angeweza kurudi kwenye dirisha lake. Alimtazama Mama aliyefunikwa weusi siku ya Pasaka, Mwanawe yuko hatua mbili mbele yake naye hamwoni, na moyo wake ukasema hapana.

"Pilo," aliita.

Mzee alikuwa ameshamwachia kijana nguzo yake. Alikuwa pale pale nyuma yake.

"Nipo."

"Nifungue."

Vidole vyenye rangi nyekundu vilianza kuhangaika na fundo nyuma ya shingo yake.

"Fundo gani hili, mke wangu?"

"Ni hilo hilo. Wewe fungua tu."

Likaachia. Mtandio ukashuka mabegani, na upepo wa ziwani, ule aliouogopa miezi yote ile, ukampiga usoni. Hakugeuka kuangalia nani anamtazama. Aliinama, akang'ata utepe kwa upande wa mdomo uliobaki na nguvu, akavuta, udenda ukamchuruzika na jicho likamtoka machozi, akavuta tena. Fundo likalegea. Akalifunga upya, safari hii lile la kuvuta, akampungia malaika mkono.

"Haya mwanangu. Sasa vuta."

Shela ikapaa kama kitu kisicho na uzito. Mama akang'aa kwa gauni lake jeupe, kengele zikapigwa, tarumbeta zikalia kwa pupa hata hazikupatana, na watu wakaimba Aleluya mpaka njiwa wa mnarani wakakimbia.

Miniang aligeuka juu ya kigoda. Watu wote walikuwa wanamtazama Bikira Maria. Mmoja tu ndiye aliyekuwa anamtazama yeye.

"Sasa umeniona," alimwambia. Maneno yalitoka yamepinda kidogo, lakini yalieleweka.

"Nimekuona." Pilo alikuwa analia na wala hafichi. "Jana uliniuliza utafufuka na uso gani."

"Umeshajua?"

"Uso sijui. Ila nimembeba huyu tangu ujana." Alimwonyesha Yesu Mfufuka nyuma yake, na mikono yake iliyonyooshwa. "Nimempaka rangi matundu ya misumari kila mwaka, nikawa sifikiri. Jana usiku nimefikiri. Kaburini alitoka mpya, hafi tena, lakini matundu hakuyaacha. Wenzake walimjua kwa hayo hayo. Kwa hiyo mimi sina wasiwasi, Miniang. Atakubadilisha, atakung'arisha kuliko malkia wa Mei, na bado nitakujua."

Miniang alimpa mkono wa kushoto, ule dhaifu, na Pilo akamshusha kigodani kama anavyoteremshwa bibi harusi. Goti lake likalia, wote wawili wakalisikia, wakacheka.

"Mnacheka nini? Padri anasubiri," Puring alisema, rangi ya mdomo imemtapakaa kwa kilio. Miniang alimvuta akambusu shavuni mbele za watu, na kwa wanaomjua Miniang, hiyo ilikuwa ni kuomba radhi kwa herufi kubwa.

Misa ilipokwisha walisimama mbele ya altare, yeye na mtandio wake mabegani. Padri akauliza kama bado wanapendana. Pilo akajibu ndiyo. Miniang akasema anamvumilia, kanisa likavunjika mbavu, kisha akasema ndiyo kwa sauti ya kusikika mpaka mlangoni.

Uwanjani, wali wa kunata umeshaanza kugawiwa, simu ya Pilo ikalia. Ilikuwa video kutoka Riyadh. Pilo alitaka kupokea, mkewe akamnyang'anya. Aliishika kwa mkono wa kulia, akainyanyua sawasawa na uso wake, mdomo uliopinda, jicho linalotiririka, mvi na vyote.

Miniang alimwona mwanawe akiziba mdomo kwa kiganja.

"Analyn? Unanisikia?"

"Nakusikia, mama. Nakuona." Binti alijifuta machozi kwa mkono wa sare yake ya kazi. "Nilishachoka kuongea na bati."

"Heri ya Pasaka, mwanangu," alisema Miniang, na akatabasamu kwa upande ule mmoja.